Ripoti inasema misuli ya mwanangu ina mafuta, lakini anatembea vizuri kuliko mwaka jana: je, arudie MRI?

Swali: "Mwanangu ana miaka 7. Kipimo cha vinasaba kilithibitisha kwamba ana ugonjwa wa Duchenne, na kwa mwaka mmoja sasa anatumia prednisoloni. Kabla hajaanza dawa alipigwa MRI ya mapaja, na ripoti ikaandika kwamba misuli ina mafuta ya 'daraja la pili'. Tangu aanze dawa anatembea vizuri kuliko zamani, hata ngazi anapanda bila kushikwa mkono. Sasa tumehamia hospitali nyingine, nao wanataka arudie MRI ya mapaja, safari hii akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi ili asitikisike. Gharama ni kubwa kwetu. Kipimo hiki kinapima nini hasa, na je, ni lazima kurudia?" Mama wa mtoto, Morogoro.

Jibu: Mama, nianze na jibu lenyewe kisha nieleze sababu zake, kwa kuwa uamuzi utabaki kuwa wako na wa daktari anayemwona mwanao ana kwa ana. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni haja ya kumlaza mtoto huyu kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya picha ya mapaja peke yake. Thamani ya MRI katika kupima misuli imo karibu yote katika kulinganisha picha ya leo na ya jana, na picha itakayopigwa kwa mashine nyingine na kwa utaratibu mwingine haitalingana na ile mliyonayo. Ikiwa uwezo wenu ni wa kipimo kimoja tu cha MRI katika miaka michache ijayo, ningetamani kiwe cha moyo. Nitafika huko.

Katika ugonjwa wa Duchenne mwili hautengenezi distrofini, protini ambayo watafiti waliitambua mwaka 1987 na ambayo kazi yake ni kuushikiza utando wa nje wa kila uzi wa msuli usichanike msuli unapojikaza. Bila distrofini nyuzi huchanika kidogo kidogo kila siku, mwili huziziba na kuotesha nyingine, na kwa miaka kadhaa ya mwanzo ukarabati huo karibu unatosha. Baadaye unazidiwa. Pale palipokuwa na nyuzi za msuli panajaa mafuta na tishu za kovu, na mafuta hayavuti mfupa. Kwa hiyo swali ambalo MRI inajaribu kulijibu ni rahisi kulitamka: katika paja la mtoto huyu, kiasi gani bado ni msuli, na kiasi gani kimekwisha kuwa mafuta?

MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT. Sumaku yenye nguvu hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo mwilini, mawimbi ya redio huvitikisa, na mashine hupokea mwangwi wake. Haidrojeni ya mwilini imo zaidi katika maji na katika mafuta, na bahati nzuri viini vya aina hizi mbili havizunguki kwa mwendo mmoja. Kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), vile vya mafuta huachwa nyuma na vya maji kwa takriban mizunguko 220 katika kila sekunde. Kwenye mashine ya tesla 3 tofauti hiyo huwa kama 440. Fikiria wapiga ngoma wawili walioanza pamoja, mmoja wao akiwa mzito kidogo wa mkono: muda si muda mapigo yao hupishana, kisha hukutana tena, kisha hupishana. Mwaka 1984 mtafiti Thomas Dixon alionyesha kwamba ukipiga picha moja mapigo ya maji na mafuta yanapokutana, na nyingine yanapopishana kabisa, basi ukizijumlisha picha hizo unabaki na maji, na ukiitoa moja katika nyingine unabaki na mafuta. Mbinu hiyo bado inaitwa kwa jina lake, na imeboreshwa sana. Kwa kila nukta ya picha tunapata hesabu: mafuta ni sehemu gani ya jumla ya mafuta na maji. Hesabu hiyo ndiyo tunayoiita asilimia ya mafuta ya msuli. Kwa mtoto mzima wa afya huwa ndogo sana, chini ya takriban asilimia 5.

Nakuomba uione picha yenyewe kwa macho ya akili, maana ikishaeleweka, mengine yote huwa mepesi. Ni kama paja limekatwa mkato mmoja wa mviringo, nawe unalitazama kwa juu. Katikati kuna pete nyeusi, ambayo ni ganda la mfupa, na ndani yake doa jeupe la uboho. Kuizunguka ipo misuli, kila mmoja na umbo lake, ya rangi ya kijivu kwa mtoto mwenye afya, na nje kabisa ukanda mweupe wa mafuta ya chini ya ngozi. Kwa kijana mwenye Duchenne, weupe huo unaingia katikati ya misuli, lakini hauingii kote kwa pamoja. Msuli mkubwa wa makalio na ule mpana wa ndani ya paja hutangulia kuathirika. Misuli ya mbele ya paja hufuata. Na hata pale paja karibu lote linapokuwa jeupe, misuli michache myembamba ya upande wa ndani, ambayo madaktari huiita gracilisi na satoriasi, hubaki ya kijivu kama visiwa. Mpangilio huu ni wa kawaida kiasi kwamba daktari wa radiolojia aliyeuzoea huutambua mara moja. Shavu la mguu nalo, lile linalovimba na kuwafanya watu waseme mtoto ana miguu ya mchezaji mpira, MRI huonyesha kwamba kadiri miaka inavyokwenda sehemu kubwa ya unene wake ni mafuta.

Sasa turudi kwenye ripoti yako, kwa sababu hapo ndipo penye tatizo. "Daraja la pili" si kipimo cha asilimia. Ni makadirio ya jicho: daktari ametazama picha ya kawaida, akaona weupe umeingia kiasi, akachagua daraja kutoka katika mizani fulani. Katika mizani moja inayotumika sana kwa magonjwa ya misuli, daraja la pili linabeba misuli yote ambayo mafuta yaliyoshikana hayajafika asilimia 30. Katika mizani nyingine, ambayo daktari Mfaransa Goutallier aliipanga mwaka 1994 kwa ajili ya misuli ya bega, daraja la pili maana yake ni kwamba mafuta yapo ila bado hayajaufikia msuli kwa wingi, yaani mtu anaweza kuwa karibu na nusu kwa nusu. Ripoti yako haikutaja imetumia mizani ipi. Hata tukichukua ile ya kwanza, mtoto anaweza kutoka asilimia 8 hadi asilimia 25 akabaki daraja lilelile, mwaka mzima wa ugonjwa usionekane; au akatoka asilimia 28 hadi 32, mabadiliko madogo, na ripoti ikatangaza kwamba amepanda daraja na kuwatia familia hofu. Makadirio ya jicho yana kazi yake katika utambuzi, hasa pale ambapo ugonjwa haujajulikana na mpangilio wa misuli iliyoathirika unaweza kuelekeza ni jeni gani ipimwe. Kwa mwanao kazi hiyo imekwisha, kwa kuwa kipimo cha vinasaba kimeshasema.

Naona pia unajiuliza kwa uchungu, inawezekanaje picha iseme misuli inaharibika ilhali mtoto anapanda ngazi peke yake. Yote mawili ni kweli, mama, na hakuna aliyekudanganya. Mtoto wa miaka 6 au 7 bado anakua: miguu inarefuka, mizani ya mwili inakomaa, na nyuzi za msuli zilizobaki zinaongezeka unene. Prednisoloni nayo inapunguza mwako wa ndani ya misuli na kuwapa watoto wengi nguvu wanayoiona wenyewe. Jumla ya hayo inaweza kuzidi hasara ya nyuzi zinazopotea, hivyo mwendo ukawa mzuri zaidi huku mafuta yakiongezeka chini kwa chini. Jambo hili lilipimwa waziwazi katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioendeshwa katika vituo vya Florida, Oregon na Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2016: wavulana zaidi ya 100 wenye Duchenne walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na asilimia ya mafuta ikapanda hata kwa wale ambao mwendo wao ulibaki palepale au uliongezeka. Kazi iliyofanywa na watafiti wa Ulaya miaka michache kabla, juu ya ugonjwa mwingine wa misuli unaoshika nyonga na mabega, ilionyesha jambo la aina hiyohiyo kwa watu wazima: katika miezi 12 MRI iliona mabadiliko ambayo vipimo vya nguvu na mwendo havikuyaona.

Hiyo ndiyo sababu watafiti wa dawa wanakithamini sana kipimo hiki. Mwenendo wa mafuta ndani ya msuli mmoja haunyooki kama rula. Huanza polepole, kisha hupanda kwa kasi, kisha hutulia msuli unapokuwa umekwisha. Dawa ikijaribiwa kwa mtoto ambaye msuli wake bado haujaanza kubadilika, au kwa yule ambaye wake umeshakwisha, tofauti haitaonekana hata kama dawa ni nzuri. Jaribio la dawa ya givinostati, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2024, lilichagua kundi lake kuu kwa njia hiyohiyo: wavulana ambao msuli wa upande wa nje wa paja, vastasi lateralisi, ulikuwa na mafuta zaidi ya asilimia 5 lakini yasiyozidi 30. Kipimo kikuu cha mafanikio kilikuwa muda wa kupanda vidato vinne vya ngazi, na asilimia ya mafuta katika msuli ule ilifuatiliwa pembeni. Unaona, basi, kwamba ngazi anazopanda mwanao na picha ya paja lake si mashahidi wanaopingana. Kila mmoja anaeleza alichokiona.

Kipo pia kipimo cha pili ndani ya MRI ambacho ripoti za kawaida hazikitaji. Kinaitwa T2, nacho hupima jinsi mwangwi unavyofifia kwa haraka. Msuli uliovimba au uliojeruhiwa hukawia kufifia. Kwa wavulana wenye Duchenne T2 huwa juu kabla hata mafuta hayajawa mengi, na kwa wanaotumia dawa za steroidi, kama prednisoloni, huelekea kuwa chini. Lakini mafuta yenyewe huipandisha T2, na mazoezi makali ya siku hiyo pia huipandisha, hivyo bila kuyatenganisha maji na mafuta namba hiyo hupotosha. Kovu, kwa upande wake, halionekani vizuri kwenye picha za kawaida za paja, kwa sababu mwangwi wake hufifia kabla mashine haijaupokea. Usiombe, kwa hiyo, MRI ikuambie kila kitu kilichomo ndani ya msuli.

Kuhusu kulinganisha, niruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi za wazazi hupotea. Mafuta hayakuenea sawa katika urefu wa msuli mmoja: kwa Duchenne ncha mbili za msuli, ya juu na ya chini, huwa na mafuta mengi kuliko katikati. Mkato ukipigwa sentimita 3 chini zaidi ya ule wa mwaka jana, namba itapanda na hakuna kilichobadilika. Zaidi ya hayo, mfupa wa paja wa mtoto unarefuka, na sentimita 15 kutoka gotini mwaka huu si mahali palepale pa mwaka ujao; wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hupima urefu wa mfupa na kuchagua mahali kwa sehemu yake, kwa mfano katikati kabisa. Kisha kuna mashine zenyewe. Baadhi ya hospitali zina MRI za sumaku ndogo, za tesla 0.3 au 0.5, ambazo zinafaa sana kwa goti au uti wa mgongo, lakini kadiri sumaku inavyokuwa ndogo ndivyo wapiga ngoma wetu wanavyokaribiana mwendo, na kuwatenganisha kunakuwa kugumu. Picha ya mwaka jana ilikuwa ya kawaida, bila hesabu ya maji na mafuta. Hakuna namna ya kuigeuza leo iwe asilimia.

Nihamie kwenye dawa ya usingizi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote. Mtoto mwenye Duchenne si kama mtoto mwingine mbele ya nusukaputi. Dawa ya kulegeza misuli ambayo kwenye kichupa huandikwa Suxamethonium haifai kabisa kwake: inaweza kuzipasua nyuzi za msuli kwa ghafla, potasiamu ikamiminika katika damu na moyo ukasimama. Gesi za usingizi kama halotheni, isoflureni na sevoflureni nazo zinaweza kuleta uharibifu wa aina hiyo, ndiyo maana wataalamu wanapendekeza dawa za kupitia mshipa badala yake, pamoja na usimamizi wa karibu wa pumzi na moyo. Hatari hii hukubalika pale ambapo upasuaji ni wa lazima. Kwa picha ya mapaja ambayo haitabadilisha tiba ya wiki ijayo, mimi siikubali.

Na mara nyingi haihitajiki. Watoto wengi wa miaka 7 wanaweza kutulia dakika 20 hadi 30 wakiandaliwa. Picha za paja hazihitaji sindano wala kuzuia pumzi, na kichwa cha mtoto mara nyingi hubaki karibu na mlango wa mashine. Kinachowatisha ni kelele. Mzazi anaweza kumlaza mwanawe chini ya meza nyumbani, akamchezea kwa simu mlio wa mashine uliorekodiwa, wakahesabu pamoja wimbo mmoja, kisha miwili, kisha mitatu bila kutikisa vidole vya miguu. Siku ya kipimo mzazi huruhusiwa kukaa ndani ya chumba akishavua kila kitu cha chuma, na mkono wake ukiwa juu ya bega la mtoto hufanya kazi ambayo dawa isingeifanya vizuri zaidi.

Sasa moyo. Distrofini inakosekana hata katika misuli ya moyo, na siku hizi, watoto wanapoishi zaidi kwa msaada wa steroidi na mashine za kupumulia, moyo ndio unaochukua maisha ya wengi wao. Makovu ya moyo huanza katika ukuta wa nje wa chumba cha kushoto, sehemu ya chini na pembeni, na mara nyingi huwapo kabla nguvu ya kusukuma damu haijashuka kiasi cha kuonekana kwenye eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. MRI ya moyo, ikitumia dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani, huyaonyesha makovu hayo. Mwongozo wa kimataifa wa huduma za Duchenne uliochapishwa mwaka 2018 unashauri moyo uchunguzwe kila mwaka, kwa eko kwa watoto wadogo, na kwa MRI kuanzia miaka 6 au 7 pale mtoto anapoweza kutulia bila dawa ya usingizi na kipimo kinapopatikana. Unashauri pia dawa za kulinda moyo zianze ifikapo miaka 10. Hapa picha inabadilisha tiba, nayo ndiyo tofauti yake na picha ya paja. Jambo moja la kumkumbusha daktari: kabla ya gadoliniamu figo huchunguzwa, na kwa kawaida huchunguzwa kwa kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo zikishindwa, lakini kreatinini hutoka kwenye misuli, na mtoto mwenye misuli michache atakuwa na kiwango cha chini hata figo zake zikiwa na shida. Kipimo kiitwacho sistatini C hakina udhaifu huo.

Ikiwa hospitali mpya inasisitiza paja lipigwe picha, waulize kwa adabu maswali machache kabla hujalipa. Je, mashine yenu inapiga kwa mbinu ya Dixon na kutoa asilimia ya mafuta kwa kila msuli? Je, mtarudia kipimo kwenye mashine hiihii, mahali palepale pa paja, baada ya mwaka mmoja? Je, kuna uamuzi wowote wa tiba unaosubiri jibu hilo? Wakijibu ndiyo kwa yote, na mtoto akaweza kutulia akiwa macho, basi kipimo kina maana. Mtoto asikimbizwe wala kupandishwa ngazi nyingi asubuhi hiyo, na wewe uondoke na picha zote kwenye diski, si karatasi ya ripoti peke yake. Ikitokea siku moja mwanao akachaguliwa kwa jaribio la dawa, picha hizo zitasomwa upya na mtu mwingine, na karatasi haisomeki upya.

Wakati huohuo, kipo kipimo ambacho unaweza kukifanya nyumbani bila gharama, nacho ni kimojawapo cha vile ambavyo wataalamu wa mazoezi tiba hutumia kwa watoto hawa. Mlaze mwanao chali kwenye mkeka, mwambie asimame haraka awezavyo, na uhesabu sekunde kwa saa ya simu tangu unapomwambia "simama" hadi anaponyooka. Mtazame anavyoinuka: kama anageuka kifudifudi kwanza, kama anaegemeza mikono juu ya magoti na kujipandisha mapajani, mkono mmoja au yote miwili. Andika tarehe, sekunde na ulichokiona, mara moja kila mwezi, wakati uleule wa siku, kwenye daftari moja. Kwenye jalada la ndani la daftari hilohilo andika kwa herufi kubwa jina la ugonjwa wake na neno Suxamethonium, dawa ile ya kichupa ambayo asipewe, na lisikose kwenye begi mnapokwenda hospitali yoyote, hata kwa jino.